Pumzi Isiyo Yangu

Jadida, Wete
11 Februari 1986

Kwa kaka yangu mpenzi Soud,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sie huku wazima, alhamdulillahi, ila miguu ya mama inamvimba kila mvua ikikaribia. Kanambia nikwandikie kuwa anakula vizuri, nami naandika kama alivyosema. Karafuu za mwaka huu chache. Ukuta wa jikoni ule uliokuwa umepinda umeshaanguka, usiku wa kuamkia Ijumaa, na hakuumia mtu. Mama anakuombea kila sala, na anauliza kama huko Matrah, Omani, kunapatikana samaki wa kuoka.

Mie niko kwa mume wangu, na ndoa yetu inaingia mwaka wa pili. Mwalimu Msellem hajambo, anakusalimu. Hanipigi, hanitukani, sikosi chakula wala nguo. Nataka ulijue hilo kwanza, usije ukanifahamu vibaya.

Kila siku baada ya Laasiri kikundi chake cha taarab kinafanya mazoezi uani kwetu. Kabla wenzetu hawajafika, Mwalimu hunitaka peke yangu. Anaweka kaseti ya marehemu mkewe, Bi Mwanawema, ule wimbo wake wa “Nyumba Uliyonijenga” unaoombwa kila harusi kisiwa kizima. Tunausikiliza mpaka mwisho, ndipo nami naimba, naye fidla begani. Nikimaliza anairudisha kaseti nyuma. “Hapa umewahi,” ananambia. “Hapa umechelewa nusu pumzi.” Ile pumzi anayoikata marehemu katikati ya neno “ndani”, lazima nami niikate pale pale. Ananifundisha hata kusimama, mkono wa kushoto sikioni, kama alivyokuwa akisimama yeye.

Watu wanasema, “Mashaallah, Mwanawema kafufuka.” Wanadhani wananisifu.

Juzi nilimwomba jambo moja tu, niuimbe ubeti wa mwisho kwa sauti ya chini, maana mie nauona ni ubeti wa siri. Akaishusha fidla mapajani. “Wimbo ni amana, Mize,” akanambia. “Mtu akikuwekea amana humrudishii na nyongeza.” Akairudisha kaseti nyuma.

Kaka, nina suali nimelikalia siku nyingi. Siku ile ya posa, ulipotoka jikoni ukarudi barazani kwa wageni, uliwaambia nini?

Ni mimi ndugu yako,
Mize

*

Matrah
2 Aprili 1986

Kwa dada yangu Mize,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako ilichelewa njiani, na ilipofika nami nikachelewa kuijibu kwa sababu ya kazi. Tulipokea shehena ya mipira ya magari, tukaipanga ghalani siku tisa, mgongo haunyooki. Mwambie mama samaki wapo, lakini hawana ladha ya wa kwetu. Namletea dawa ya kuchua miguu pamoja na kitambaa cha buibui. Ukuta wa jikoni muwaite mafundi, usisubiri mvua kubwa.

Nimefurahi kusikia Mwalimu anakuweka vizuri. Mtu mwema yule. Na kakaye huku, Mzee Mmanga, sina neno la kumlipa. Yeye ndiye mdhamini wangu, ndiye tajiri wangu, na chumba ninacholala ni chake. Pasi yangu ya safari iko salama ndani ya kabati lake la chuma, pamoja na za wenzangu.

Kuhusu mambo ya nyimbo, mie nakushauri uimbe kama unavyoelekezwa. Usinione mshamba. Sie tulioko mbali tunataka nyimbo zibaki pale pale tulipoziacha. Ijumaa tunakaa Wapemba kumi na wawili chumba kimoja tukasikiliza kaseti, na mtu anajua kabisa wapi fidla itapanda na wapi mwimbaji atakata pumzi. Akifika pale wote tunasema “Aa!” kwa pamoja. Sasa wewe ukihamisha mlango, sie tukirudi tutaingilia wapi?

Umeolewa na mtu mwenye jina, una sauti, una nyumba. Wapo wanaokuonea wivu.

Mama asikose kunywa maji moto asubuhi.

Nduguyo,
Soud

*

Jadida, Wete
5 Mei 1986

Kaka Soud,

Assalaam alaykum. Dawa ya mama imefika na buibui limeshashonwa. Kalivaa kwenda kumzika Bi Mgeni wa nyumba ya pili, Mungu amrehemu. Alianguka akichota maji. Ramadhani inabisha hodi. Sukari haipatikani Wete nzima, tunatumai ya meli ijayo. Ukuta wa jikoni tumeujenga kwa udongo tu, saruji hamna.

Umenijibu kuhusu mlango na nyimbo. Suali langu hukulijibu. Labda hukuliona.

Nataka nikuhadithie nililolisikia. Unamkumbuka Kijakazi, yule mama wa Mtambile mwenye mikono mikubwa anayetupigia ngoma ya dumbak? Alikuwa na marehemu Mwanawema tangu kikundi kinaanza. Juzi tulikuwa tukichambua mchele, mie naimba pole pole, na nilipofika kwenye “ndani” nikaikata pumzi kama nilivyozoezwa. Kijakazi akauweka ungo chini.

“Mwanangu, kwani na wewe una pumu?”

Nikamwambia sina, ndivyo ulivyo wimbo.

Akanitazama kwa huruma iliyonitia baridi. “Mwanawema hakuwa akikata pale,” akasema. “Alikuwa akikatika. Kaseti ile ilitiwa mwaka wake wa mwisho, kifua kimeshambana. Alipokuwa mzima hakuuimba namna moja harusi mbili. Leo anacheka nao, kesho anauvuta mpaka watu wanaona haya. Mie nilikuwa nikimfuata kwa dumbak kama anayemfukuza kuku.”

Kaka, mwaka na zaidi nimekuwa nikijifunza ugonjwa wa mtu. Nimeuhifadhi kwa moyo.

Nilimkabili Mwalimu jioni ile ile, akiupaka nta upinde wa fidla yake. Nikamwuliza kama alikuwa akijua.

“Najua,” akasema. “Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maji.”

“Basi mbona waniigizisha?”

Akaendelea kuupaka nta upinde. Kisha akasema, “Kwa sababu ndiyo kaseti pekee niliyo nayo.”

Kilichonisikitisha ni kuwa nilimwonea huruma. Ningepata mume wa kumchukia ningejua la kufanya. Huyu kila nikitaka kumkasirikia namkuta anamlilia mtu asiyekuwepo, nami nimesimama mbele yake, mkono sikioni.

Sina pa kuisemea habari hii. Mama akiniona anasema, “Umenenepa, mashaallah,” na kifua kinampanuka kwa furaha. Nikitoka mlangoni naulizwa naenda wapi. Nikikaa dirishani watoto wanapita wakiniita, “Bi Mwanawema! Bi Mwanawema!”

Kaka, uliwaambia nini barazani?

Mize

*

Matrah
29 Juni 1986

Mize,

Assalaam alaykum, na Idi iliyopita iwe ya kheri. Mama asome barua hii nawe ili ajue mimi mzima.

Ninaandika kwa haraka. Barua zote zinafikia sanduku la posta la duka, na Mzee Mmanga huzifungua mwenyewe ili aone kama kuna habari za nyumbani. Ile yako ya mwisho niliipata imeshafunguka. Tafadhali andika mambo ya afya na ya familia, mengine yaweke moyoni. Subira ni ufunguo.

Soud

*

Jadida, Wete
20 Septemba 1986

Kaka,

Assalaam alaykum. Barua hii haipiti posta. Anakuja nayo Khatib, mwana wa jirani yetu, aliyepata njia ya kuja huko, na kaapa ataitia mkononi mwako. Kwa hivyo hapa nitasema yote, na wewe nakuomba uisome ukiwa peke yako.

Mama yuko vile vile. Miguu imepungua kidogo.

Tarehe ishirini na nne ya mwezi uliopita tulikwenda harusini Gando. Harusi zilikuwa nyingi baada ya Idi ya kuchinja, na hii ilikuwa ya watu wenye uwezo kidogo. Walitutumia lori. Alasiri wanawake wakajaa ndani ya banda la makuti, bibi harusi kakaa juu ya kiti chekundu, na Mjaka, yule anayeuza kaseti sokoni Wete, kaiweka redio-kaseti yake karibu na miguu yangu. Tukapiga nyimbo nne. Kisha wakaanza, kama kawaida, “Nyumba! Nyumba!”

Sikupanga kitu. Wallahi sikupanga. Nilikuwa namtazama bibi harusi, kasichana kadogo, jasho linamtiririka chini ya poda, na kila mtu anamtengeneza. Huyu anamvuta mtandio, yule anamwinua kidevu. Naye anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha. Mwalimu akafungua kwa fidla, nikaanza:

Nyumba uliyonijenga, kuta zake ni maneno,
Nami nimo ndani yake, sitaki pa kutokea.

Ubeti wa kwanza niliuimba kama marehemu. Wa pili, nilipofika kwenye “ndani”, pumzi haikukatika. Ilikuwa yangu, kaka, nilikuwa nayo nyingi kifuani, ikapita moja kwa moja. Neno likatoka zima, refu, mpaka nami nikalishangaa. Nikaushusha mkono sikioni. Na lilipokuja neno “sitaki” mdomo wangu haukulisema. Nikaimba:

Nami nimo ndani yake, sioni pa kutokea.

Neno moja tu nililobadilisha. Sauti ikanitetemeka. Mikono ya Kijakazi ikabaki juu, haikushuka. Fidla ikanyamaza. Nikawa naimba peke yangu mbele ya watu, bila ala hata moja. Kawaida wimbo ule wanawake huinuka wakaja wakicheza. Siku ile hawakucheza. Aliinuka mama mmoja wa makamo, simjui, akaja mbele yangu akanishika mkono, akasimama hapo hapo kaushika mpaka mwisho wa wimbo. Uso wake haukutikisika. Nilipomaliza, mtu kule nyuma akapiga kelele, “Rudia!” na wengine wote, “Rudia! Rudia!” Kijakazi akaipiga dumbak kwa nguvu nikadhani ngozi itapasuka. Fidla ikarudi, chini chini, ikinifuata.

Siku nne Mwalimu hakunipa zaidi ya salamu. Mie nilikuwa na hofu, lakini nikikwambia usiku nilikuwa nalala vizuri utaamini?

Siku ya tano alikuja na kaseti kutoka kwa Mjaka. Akanambia, “Kaa tusikilize.” Nilijua ataivunja mbele yangu. Akaiweka, tukaisikiliza mpaka mwisho, naye kafumba macho. Akasema, “Ndivyo.”

“Ndivyo nini, Mwalimu?”

“Ndivyo utakavyouimba.”

Kumbe kaseti ile imeshaenea. Inalia Chake, inalia Mtambile, na watu wanaagiza harusi kwa sharti la “kama Gando”. Basi kila Laasiri sasa tunasikiliza kaseti yangu. Naimba, anairudisha nyuma. “Gando hukuvuta hivi,” ananambia. “Gando ulitetemeka kidogo kwenye ‘sioni’, kisha ukatulia.”

Nikamwambia, “Mwalimu, siku ile nilitetemeka kwa sababu nilitetemeka.”

Akanijibu, bila ukali hata chembe, “Basi tetemeka.”

Kaka, zamani nilikuwa nikimwiga maiti. Sasa najiiga mwenyewe, na kazi hii ni ngumu zaidi, maana marehemu hakuwa akijali nikimkosea. Nilidhani nimepata tundu la kutokea, kumbe nimejenga chumba chengine ndani ya kile kile.

Sikuulizi tena kwa upole. Mimi nakumbuka nilichokwambia jikoni siku ile. Nataka nijue wewe ulikwenda kusema nini.

Mize

*

Matrah
17 Novemba 1986

Mize, dada yangu,

Khatib kafika, barua nimeipata mkononi, nimeisoma juu ya dari ya ghala. Nimeiandika jawabu hii mara tano. Salamu zangu kwa mama. Usimsomee.

Kaseti ya Gando ilinifikia kabla ya barua yako. Mtu kaja nayo Ijumaa moja, tukakaa kama ada yetu, tukangoja pale pa kusema “Aa!” Pale hapakuja. Wenzangu wakatazamana. Mzee mmoja wa Kojani akasema, “Huyu mwanamke amefungwa wapi?” Hakuna aliyejua kuwa ni dada yangu anayeimba. Nikatoka nje nikajidai naenda kununua sigara, na mie sivuti.

Nitakwambia sasa.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka kumi na tano ukituchekesha kwa kuwaiga waimbaji? Mwaka ule marehemu alipofariki, nilikutia katika kaseti ukimwiga Bi Mwanawema. Wewe ulidhani mchezo. Kaseti ile nilimpelekea Mwalimu Msellem. Nilimwambia, “Msikilize dada yangu.” Nilikuwa najua kuwa kakaye ana duka Matrah na anaweza kudhamini watu. Nilikuwa nimechoka, Mize. Miaka mitatu napeleka maombi ya safari ofisini na miaka mitatu naambiwa nirudi wiki ijayo. Nilikiona kisiwa kama kisima, nami nimo chini, natazama duara la mbingu.

Alipokuja kuposa, baba hayupo, mimi ndiye walii wako wa kukuoza. Nilikuja jikoni, wewe unakuna nazi. Nikakwambia Mwalimu anakutaka. Ukanijibu maneno matatu, nayakumbuka kama Alhamdu: “Nipe mpaka kesho.” Barazani walikuwa wakinisubiri yeye na Mashehe wawili, na barua ya Mzee Mmanga ya kunidhamini iko mfukoni mwa kanzu yake. Niliiona inachungulia. Wakaniuliza, “Kasemaje?” Nikasema, “Kanyamaza.”

Shehe akasema, “Kimya cha mwari ni idhini,” wakainua mikono wakasoma Fatiha, na ndani mama akapiga vigelegele.

Nilijiambia kesho ungekubali tu. Nilijiambia mtu mwema, nyumba nzuri. Yote kweli. Lakini hukunyamaza. Mimi ndiye niliyekunyamazisha.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Nakwambia tu kwa kuwa umeuliza mara tatu.

Soud

*

Jadida, nyumbani kwa mama
3 Januari 1987

Soud,

Mama hajambo.

Barua yako niliisoma mara moja, nikaitia chini ya godoro lake, na siku ya pili tulikuwa na harusi Mtambile. Watu wengi, wametoka mpaka Mkoani. Wakataka wimbo “kama Gando”. Mwalimu akafungua kwa fidla, vizuri kuliko siku zote. Pa kuingilia pakafika, sikuingia. Akazunguka, akanifungulia tena. Sikuingia. Watasema nilipatwa na kitu. Sikupatwa. Nilikuwa na pumzi tele na maneno yote nayajua. Nilimtazama, naye akanitazama mpaka akaishusha fidla. Nikashuka jukwaani, nikavaa buibui langu, nikapanda gari la kurudi Wete pamoja na Kijakazi, akalala usingizi njia nzima begani kwangu kama mtoto, dumbak katikati ya miguu yetu.

Sikurudi kwake. Nilikuja hapa. Nilimweleza mama yote, na nikamtolea barua yako nikamsomea, ingawa ulinikataza. Akauliza, “Mbona hukunambia siku ile ile?”

Nikamwambia, “Ulikuwa ukipiga vigelegele, mama.”

Tangu hapo kila asubuhi ananichemshia uji kama niliyejifungua.

Mwalimu hajaja kunichukua wala hajaniacha. Wiki ya tatu hii. Nimemwendea kadhi, kasema mume hana kosa lililothibiti, nirudi nikakae na mume wangu. Sina ushahidi wa jikoni. Tulikuwa wawili, mie nawe, na wewe uko Matrah. Mitaani wananipa majina. Ndani ya nyumba hii hii niliyozaliwa natembea pole pole nisisikike njiani. Si mke, si mtalaka.

Umeniambia kwa kuwa niliuliza mara tatu. Na nisingeuliza?

Mize

*

Matrah
9 Februari 1987

Mize,

Assalaam alaykum. Leo nimempelekea Mwalimu Msellem barua kwa mkono wa mtu. Nimeandika kuwa mimi Soud, walii wa Mize, nilisema uongo mbele ya Mashehe wawili, na kwamba dada yangu hakunyamaza, aliomba muda. Nimetia sahihi na wamenishuhudia wenzangu wawili. Nakala nimempelekea kadhi.

Nyingine nilimsomea Mzee Mmanga mwenyewe, dukani, nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Kumbe ulipanda mgongo wa ndugu yangu kuja huku.” Nikasema ndiyo. Akaniambia nitoe virago vyangu chumbani. Pasi hakunipa, amesema mpaka mkataba uishe.

Nimehifadhiwa na Khatib. Mama usimtie wasiwasi. Kazi nafanya ile ile, mipira ile ile. Kurudi nyumbani siwezi, kwenda pengine siwezi.

Soud

*

Jadida, Wete
30 Machi 1987

Kaka Soud,

Assalaam alaykum. Mama anauliza umelala wapi na unakula nini. Nimemwambia uko kwa Khatib, kwa hivyo uko na mtu wa Jadida. Kafurahi kidogo. Mvua za masika zimeanza na ule ukuta wa udongo umesimama mpaka leo, sijui kwa kudra gani.

Alhamisi ya mwanzo wa mwezi huu Mwalimu alikuja. Peke yake, mchana, amevaa kanzu ya Ijumaa. Mama akamkaribisha barazani, mie nikakaa ndani nyuma ya pazia la mlango. Alikuwa na barua yako, nilisikia anaikunjua.

Akaniita kwa jina langu. “Mize. Ni kweli ulisema ‘mpaka kesho’?”

“Kweli, Mwalimu.”

“Hiyo kesho ungesema nini?”

Nilikuwa na majibu mengi, kaka, ya kumtuliza na ya kumkata. Nikatafuta lililo la kweli. “Ningesema sitaki.”

Alikaa. Nilikiona kivuli chake kwenye pazia, kainama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mama akataka kumletea maji, akakataa. Halafu akasema, si kwangu, kama anasema na barua, “Miaka miwili namsahihisha mtu ambaye hajanijibu hata suali la kwanza.” Akaniomba radhi. Akatamka talaka moja, polepole, mbele ya mama na jirani aliyeitwa njiani, na akasema hataki kurudishiwa kitu. Alipofika ngazini akageuka akauliza kama ataruhusiwa kubaki na kaseti ya Gando. Nikamwambia abaki nayo. Nilimtazama akiondoka mpaka akakata kona, na nikalia, si kwa kumtaka.

Kwa hivyo nimo edani. Miezi mitatu sitoki nje, na huu haujaisha hata mmoja. Nyumba ni vyumba viwili na jiko unalolijua, na siku nyengine naisikia sauti yangu mwenyewe inapita njiani ndani ya redio ya mtu, inaimba namna ile ile, nami siwezi kutoka kumwambia aizime. Naziba masikio, nakuna nazi. Lakini hizi ni siku zenye mwisho, nimeziandika ukutani kwa mkaa. Kijakazi anakuja kila Jumapili na dumbak lake. Ananambia, “Tufanye polepole, watu wasisikie,” tunaanza wimbo wowote, na kila tukiurudia ananiuliza, “Sasa twende wapi?” Mara nyengine sijui. Tunakwenda hivyo hivyo.

Ulilolifanya mara ya mwisho limekugharimu, nami nimeliona. La mwanzo bado sijaweza kulisamehe. Nalijaribu kila Alfajiri, siku moja linasogea, siku ya pili limerudi. Sitaki kukwambia limekwisha ili ulale vizuri, tumeshaambiana uongo wa kutosha katika nyumba hii. Nakuombea upewe pasi yako. Nakuombea kweli.

Mama kaanza kunong'onezwa na watu kuwa eda ikiisha kuna mtu wa Mtambile ana nia. Mimi simjui. Inawezekana watakuandikia wewe, maana ndiye walii na sheria haijabadilika. Wakikuandikia, nataka uwajibu mstari mmoja tu, usiuongeze wala usiupunguze: Mwenyewe yupo, muulizeni.

Dada yako wa tumbo moja,
Mize